Wa mustikere anashikwa, wa ukuta anapewa ruhusa

Wananchi wa Goma, wananchi wa Bukavu, vijana wenzetu,

Kijana akikamatwa na mustikere pembeni ya Kivu, neti inachomwa, yeye anapigwa amande. Kosa lake: anavua watoto wa sambaza. Tunakubali, ni kosa. Lakini karibu na pale kuna mtu anamwaga makamyo ya mawe ndani ya ziwa, anapandisha ukuta, anaweka terasi juu ya nguzo, na hakuna mwenye kumuuliza kitu. Kati ya hao wawili, nani anaua sambaza mingi?

Tuelewane, juu wengi wanafikiri samaki inakomea tu katikati ya ziwa. Kivu inashuka mpaka mita 485, lakini baada ya mita 60 ao 70 hakuna oksijeni tena, ni gazi. Samaki inaishi kwenye kipande cha juu tu. Na sambaza, yenye ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, inataga karibu na nchi kavu. Watoto wanabaki pale, kwenye maji mafupi yenye mawe na matete, mpaka wapate nguvu ya kuenda mbali, kule wavuvi wanawangojea usiku na taa zao. Na maji mafupi hatuna mengi: milima yetu inaingia ziwani wima.

Ukuta unafuta pembeni ile yote. Matete inang'olewa, mawe inazikwa. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu, linachimba mchanga. Chini ya terasi ni giza, majani ya maji haimei, na vidudu vyenye watoto wa samaki wanakula vinapunguka. Mtoto wa samaki anajikuta kwenye maji marefu, mbele ya midomo ya wakubwa. Mustikere inakula kizazi cha leo. Ukuta unakula na vya kesho vyote.

Watasema: watu wanakufa na vita, ninyi mnalilia samaki? Ndiyo, tunalilia. Sambaza haiko chakula cha wa terasi. Ni ya mama wa Kituku mwenye kuipima kidogo kidogo, ni ya mkimbizi mwenye hana nyama ingine.

Wengine watasema mji lazima uendelee. Sawa! Seattle, kule Marekani, walianza kujenga upya ukuta wao wa bahari mwaka 2013. Juu, kwenye njia ya kutembea, waliweka vioo ili mwanga ufike majini. Mbele ya ukuta walirudisha maji mafupi, ili watoto wa samoni wapate njia ya kupita. Hatuombe vioo. Tunaomba tu muache matete.

Sheria tuko nayo. Ile namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa mazingira mbele ya mradi wenye unaweza kuyaharibu. Katiba, kifungu cha 53, inatupa haki ya mazingira safi na wajibu wa kuyatetea.

Basi tunadai: kila ruhusa ya kujenga ndani ya maji, Himbi kule Goma, Labotte kule Bukavu, ibandikwe kwenye mlango wa meri pamoja na uchunguzi wake. Uchunguzi hauko? Ukuta ubomolewe, kwa makuta ya mwenyewe. Na mbele ya kuchoma neti ingine, muanzie pale.