Usiniambie Binadamu Kwanza

Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris kufunguliwa, Charlotte Dujardin wa Uingereza alijiondoa mashindanoni. Huyu si mtu mdogo. Ana medali 6 za Olimpiki, 3 za dhahabu, zote za dresaji, ule mchezo ambao farasi anatembezwa kwa hatua za madaha kama anacheza densi huku majaji wakitoa alama. Kulikuwa na video ya miaka kadhaa nyuma. Anaonekana akifundisha, mwanafunzi yuko juu ya farasi, naye yuko chini akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu, tena na tena. Wakili wa aliyelalamika alisema ni zaidi ya mara 24 kwa dakika moja. Desemba mwaka huo shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilimfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

Huku Mosocho habari hiyo ilipita kama kichekesho. Ati farasi amechapwa, dunia nzima inalia. Wazungu wamekosa shida. Halafu ikaja ile sentensi ambayo kila Mkenya anaijua: watu wanalala njaa, nyinyi mnalilia mnyama?

Mimi sentensi hiyo imenichosha, na nataka kubishana nayo mpaka mwisho.

Farasi Mosocho hakuna. Tuna binamu yake, punda. Simama asubuhi kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu uangalie zile njia za udongo zinazopanda kutoka mtoni. Punda anakuja na mitungi 4 ya lita 20. Maji peke yake hapo ni kilo 80. Wanaofanya kazi ya kutunza punda hushauri mzigo usizidi theluthi ya uzito wa mnyama, na punda wa kilo 150 ni punda wa kawaida kwetu. Piga hesabu wewe mwenyewe, kisha uongeze mlima. Nyuma yake yuko kijana na fimbo. Fimbo hiyo haipigi ovyo. Inatafuta donda, kwa sababu penye donda ndipo punda husikia haraka.

Tofauti yetu na wale wa dresaji ni moja tu. Kwao kiboko kinafichwa. Jaji anaona farasi ametulia, shingo imepinda vizuri, anampa alama, hamuulizi mtu yeyote utulivu huo ulipatikanaje nyuma ya mlango wa mazoezi. Ilibidi mtu arekodi video ndipo tujue. Huku kwetu hakuna cha kurekodiwa kwa siri. Kiboko kinatembea barabarani saa mbili asubuhi, mbele ya watoto wa shule, mbele ya mwalimu, mbele ya chifu na mchungaji. Sote ni majaji, na sote tunatoa alama za juu kwa kunyamaza.

Utetezi nao unafanana. Dujardin alisema kilichoonekana si tabia yake ya kawaida. Mwenye punda naye atakuambia leo tu amechelewa. Kocha husema farasi lazima ajue nani mkubwa. Mzee mmoja wa huku aliniambia, kwa upole kabisa, "Kijana, huyu bila fimbo hatoki hapa." Nikamwambia, "Mzee, mtoe mitungi miwili kwanza, tuone kama hatatoka." Alicheka. Hakutoa.

Kiswahili chenyewe kimemhukumu mnyama huyu kabla hajaingia kortini. Tunasema fadhila ya punda ni mateke. Fadhila gani? Nani alimfanyia punda hisani ndipo akasahau kushukuru? Anabeba maji, matofali, mchanga, ndizi za kwenda soko la Daraja Mbili, mahindi ya kwenda kusagwa. Jioni anafunguliwa ajitafutie nyasi kando ya lami. Akirusha teke moja tunatunga methali. Na sisi wenyewe tukichoshwa na kazi tunalalamika nini? "Nafanya kazi kama punda." Kumbe tunajua! Tukitaka kueleza mateso yetu, maisha ya punda ndiyo kipimo tunachotumia. Mtu hawezi kukitumia kipimo hicho kila siku halafu adai hajui mnyama anaumia.

Sasa nirudi kwa binadamu kwanza. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na naishi kwa kuandika vitu vinavyolipwa vikichelewa. Sihitaji kufundishwa kwamba watu wana shida. Lakini nimeanza kuwauliza wenye sentensi hiyo swali rahisi: haya, huyo binadamu wa kwanza umemfanyia nini leo? Kijana mwenye fimbo ni binadamu. Mara nyingi punda si wake. Analipwa kwa safari, kwa hiyo kila dakika punda akipumzika, ni pesa yake inayopotea. Aliyeagiza matofali anataka yafike kabla ya saa nne na anataka bei ishuke. Bei ikishuka, safari zinaongezeka, na fimbo inaongezeka nazo. Msemaji wa binadamu kwanza hajawahi kumtetea kijana huyo pia. Sentensi yake haimlishi yeyote. Kazi yake ni kufunga mjadala ili arudi kwa simu yake.

Tulishaona kinachotokea punda akidharauliwa hadi mwisho. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, Mogotio, Naivasha na kwingineko, kwa ajili ya ngozi za kupeleka China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Wizi ulienea. Familia ziliamka zikakuta kamba imekatwa. Mzigo haukuibiwa pamoja na punda. Ulihamia kwenye migongo ya kina mama na wasichana. Waziri Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikabatilisha marufuku 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubali kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15. Kwa hiyo ukiniambia punda na binadamu ni foleni mbili tofauti, muulize mama aliyeibiwa wake.

Ila sitaki hoja yangu iishie kwenye faida. Hata kama punda hangembebea mtu hata kikombe, kumpiga kwenye donda lililo wazi kungebaki kuwa ubaya. Uchungu hausubiri kuwa na manufaa ndipo uwe uchungu. Ukikubali hilo kwa farasi wa Uingereza, ulikubali kwa punda wa Mosocho. Ukilikataa kwa wote wawili, angalau sema wazi kwamba mnyama kwako ni gari lenye masikio, tujue tunaongea na nani.

Na usiseme hakuna sheria. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, iko tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Inataja kupiga, kutesa na kupakia mzigo kupita kiasi. Adhabu yake? Faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Shilingi 3,000 mwenye matofali anazirudisha bila jasho. Katiba ya 2010 nayo, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao. Yaani hili si jambo la Nairobi wala la Ulaya. Ni la bunge la kaunti pale Kisii mjini, na mwakilishi wadi wako anaweza kuulizwa: kikomo cha mzigo ni kilo ngapi, nani anakagua madonda sokoni, daktari wa mifugo anafika lini? Kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, kocha wa pentathloni alimpiga farasi ngumi mbele ya kamera. Baada ya Paris, mchezo huo uliondoa farasi kabisa. Kumbe desturi za mashindano makubwa zinaweza kubadilika. Itakuwa kikomo cha mitungi?

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi, usijitoe. Maji yakikatika mtaani, mkokoteni unaokuletea mitungi unavutwa na nani? Umewahi kumwangalia mgongo kabla ya kulipa? Pesa yako ndiyo alama unayotoa. Akija na donda limefunguka, mwambie muuzaji hununui mpaka punda huyo apumzishwe, na mwingine akija na mzigo wa haki, ongeza shilingi kumi ulipe safari yenye mitungi michache. Hiyo kumi inaingia kwa kijana, na kilo zinatoka kwa punda.

Ukifanya hivyo, atatokea mtu hapo kando akuulize kama umekosa shida. Muulize yeye amemsaidia binadamu gani leo, kisha umngojee ajibu.