Namba inayomsahihisha mtoto

Mtoto anayeogopa hisabati mara nyingi huogopa kalamu nyekundu na kicheko cha wenzake. Leo jioni mpe mwanao namba itakayomwonyesha kosa lake bila mtu kumkaripia: 142857.

Aizidishe kwa 2 daftarini, simu iwe pembeni. Atapata 285714. Kwa 3 ni 428571, kwa 4 ni 571428, kwa 5 ni 714285, kwa 6 ni 857142. Tarakimu ni zilezile sita, zinafuatana vilevile kama watoto waliosimama duara. Kinachobadilika ni nani anaanza. Akiona 3 au 9 imeingia kwenye jibu, atajua mwenyewe kuwa amekosea, na atarudia.

Kabla hajazidisha kwa 7, mwulize anatarajia nini. Usimtajie jibu. Mwache akisie, kisha azidishe: 999999.

Akiuliza namba hiyo imetoka wapi, mwambie agawe 1 kwa 7 na aendelee kushusha sifuri. Atapata 0.142857142857, tarakimu zilezile zikijirudia bila mwisho, mpaka achoke yeye.