Mwanao anatengeneza biti? Mlinde masikio

Usiku wa ngoma ya jando, aliye mbali na uwanja pale Chidya husikia mdundo mzito tu. Akisogea, ndipo vigelegele, filimbi na ngoma ndogo vinapoanza kusikika. Wapigaji hawajabadilisha kitu. Ni umbali, miti na kuta za nyumba vilivyopunguza sauti nyembamba na kuacha nzito zipite.

Kazi hiyohiyo hufanywa na filta, kifaa kilichomo kwenye programu za kutengenezea muziki ambazo vijana huziweka kwenye kompyuta na hata simu. Kinanda cha kompyuta hutoa sauti iliyojaa kila kitu, nzito na nyembamba. Filta huchagua ipi ipite na ipi ibaki, kama chujio la chai linavyozuia majani.

Aina mbili ndizo zinazotumika sana. Moja hupitisha sauti nzito na kuzuia nyembamba. Nyingine hufanya kinyume. Kijana huzungusha kitufe kupanga mpaka wa kukatia. Kwa ile ya kwanza, akiushusha mpaka, sauti kali inakuwa laini, kama inatoka chumba cha pili. Akiupandisha polepole, biti inafunguka.

Kwenye singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, maeneo kama Manzese na Tandale, filta ina kazi kubwa. Mapigo hupita 200 kwa dakika, na vipande vya nyimbo vinapokimbizwa hivyo, sauti huwa nyembamba na kuchoma sikio. Fundi anayejua hukata ule ukali. Asiyejua huongeza besi, kisha huongeza sauti yote, hedifoni zikiwa masikioni.

Hapo ndipo mzazi anapohusika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto ni desibeli 75. Kwa mtu mzima, sauti ikifika desibeli 90, muda salama hubaki saa 4 tu kwa wiki. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Kipo kitufe kingine, resonansi. Hiki huinua sauti zilizo pale kwenye mpaka wa kukatia, na kikizidishwa filta hupiga mluzi. Mluzi ukiangukia kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi zaidi kusikia, unaweza kumpiga mtoto ghafla.

Mzazi, si lazima umnyang'anye kompyuta. Mwambie:

• Ashushe sauti kabla ya kugusa resonansi.
• Biti ikikosa uzito, aanze na filta, sauti ya jumla aiache ilipo.
• Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa.
• Kila baada ya muda avue hedifoni, apumzishe masikio.

Akilalamika masikio yanalia, akikuuliza "umesemaje mama?" mara kwa mara, au akipandisha redio kuliko wenzake, mpeleke kituo cha afya mapema, apimwe.

Na jioni moja kaa naye, umwombe akuonyeshe hicho kitufe cha filta kinavyofanya kazi. Ukiisikia ngoma ya mbali ikikaribia, utamwelewa.