Kamba ya Simu ni Mali ya Nani?

Ndugu wanachama, leo nasema juu ya kitu kidogo: kamba ya simu.

Baada ya Bw. Bell kupata hati ya simu mwaka 1876, mafundi walitaka kamba ipindike kila siku bila kukatika. Waya wa kawaida haukufaa. Basi wakachukua utepe mwembamba sana wa shaba, wakauzungusha juu ya uzi wa pamba, wakasokota nyuzi nyingi za namna hiyo pamoja, kisha wakazivika kitambaa kilichosukwa. Ikawa laini kama kamba ya kiatu.

Kwenye ubao wa simu, opereta alitumia kamba mbili mbili: moja ya kumjibu anayepiga, nyingine ya kumwita anayetakiwa. Chini ya meza kila kamba ilivutwa na kipande cha uzito ili irudi mahali pake. Ilichakaa hasa pale ilipoingia kwenye plagi, sauti ikakwaruza na kukatika. Fundi alikata sehemu mbovu akaifunga upya, na ilipokuwa fupi mno ikatolewa, ikaletwa mpya.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Kamba mpya ililetwa na ofisi. Opereta hakwenda dukani na mshahara wake kununua kamba ya kazi.

Sisi wa reli twajua thamani ya neno lipitalo kwenye waya. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na nguzo za simu zikaandamana nayo. Treni bila habari ni hatari.

Leo kamba iliyobaki mikononi mwetu ni ya kuchajia simu ya mkononi, nayo twainunua wenyewe. Mtu yuko mapumzikoni kwao Ekerenyo, ambako reli haifiki, anapigiwa kwamba zamu imebadilika. Kurudisha jibu ni kwa vocha yake. Umeme ukikatika, simu ikazima, kesho anaulizwa kwa ukali, "Mbona hukupatikana?"

Wengine watasema, simu ni yako, na jamaa zako wazungumza nao kwa hiyo hiyo. Ni kweli. Wala siombi mwajiri alipe salamu ninazompelekea mama. Nasema kazi ijilipie gharama zake, kama ilivyolipa kamba ya opereta.

Kwa hiyo naomba viongozi wetu, watakapokaa mezani kwa mkataba ujao, waweke mambo mawili. Kwanza, anayetakiwa kupatikana kwa simu apewe simu ya kazi au posho ya simu. Pili, mtu asiadhibiwe kwa kuzima kwa chombo ambacho mwajiri hakukinunua wala hakitengenezi.

Lileteni jambo hili katika mikutano ya matawi. Mmoja akilisema peke yake ataitwa mkorofi. Tukilisema sote ni dai la chama.