Mkutano wa kila mwaka? Pigeni hesabu ya mtu mwenye hela kidogo

Wadau, sisi wa mtandaoni tunalijua hili vizuri. Mteja haangalii bei ya gauni peke yake, anajumlisha na hela ya kutumiwa. Gauni 25,000, usafiri 15,000, hapo ameshapotea.

Mikutano ya kimataifa ni hivyo hivyo. Waandaaji wanasifia ukumbi, ila mshiriki anajumlisha nauli, viza, gesti na siku ambazo duka litafungwa.

Angalia COP30, mkutano wa tabianchi uliofanyika Belém, Brazil, Novemba 2025. Wazo la kuupeleka Amazon lilikuwa zuri, msitu wenyewe uko pale. Ila vyumba vilikuwa vichache, bei zikapaa, hadi meli za kitalii zikaletwa wageni walale humo. Nchi maskini zikalalamika kwamba zitashindwa kupeleka watu wa kutosha. Yaani wanaoumizwa zaidi na ukame na mafuriko ndio wanaobanwa mlangoni!

Sasa linganisha na Canton Fair. Yale ni maonyesho ya biashara, lakini somo ni moja. Yako Guangzhou tangu 1957, mara mbili kwa mwaka. Aliyeenda safari iliyopita anamwelekeza anayeenda safari hii: lala huku, panda hiki.

Utasema mji mmoja kila siku ni upendeleo. Kweli kabisa. Mikutano ya mwaka ya IMF na Benki ya Dunia hufanyika zaidi Washington. Afrika ilikuja Nairobi 1973, ikarudi Marrakech 2023. Miaka 50!

Kwa hiyo mimi nasema zungusheni, ila kwa hesabu. Mchukueni mshiriki mwenye hela kidogo kuliko wote, mpigieni gharama tangu anatoka kwake mpaka anarudi. Akishindwa yeye, mji huo haufai, hata ukumbi ung'ae vipi. Na mji utangazwe mapema, watu waweke akiba kidogo kidogo.

Hata sisi tukiandaa wetu wa Afrika Mashariki, ni hivyo. Arusha ina ukumbi wa AICC, na mtu wa Nairobi anapanda basi kupitia Namanga bila viza. Ila wa Bujumbura anasafiri mbali sana, basi mwaka unaofuata tumsogelee.

Mkutano wa wafanyabiashara wadogo ambao mfanyabiashara mdogo hawezi kufika, huo ni wa nani?