Senema na Mafunzo Yake: Chai ya Mussolini

Wahenga walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Msomaji atakaye kuona jinsi neno hilo lilivyo kweli, na jinsi hata mtu mwenye elimu na cheo anavyoweza kulisahau, na aitazame senema iitwayo Tea with Mussolini, iliyotolewa mwaka wa 1999. Aliyeiongoza ni Franco Zeffirelli, Mwitalia wa mji wa Florence, aliyezaliwa mwaka wa 1923 na kufariki dunia mwaka wa 2019. Mengi yaliyomo aliyatoa katika maisha yake mwenyewe ya utotoni na ya ujana, ingawa majina na mambo mengine aliyabuni ili hadithi ipate kwenda vizuri.

Hadithi yaanza katika mwaka wa 1935. Mjini Florence walikuwako mabibi wa Kiingereza waliokuwa wamehamia huko kwa kupenda picha, sanamu na majengo ya kale. Wenyeji waliwapa jina la Scorpioni, yaani nge, kwa sababu ndimi zao zilikuwa kali. Mabibi hao walikutana kunywa chai, wakazungumza habari za sanaa na habari za watu. Walikuwa wameishi Italia miaka mingi na kuipenda sana, lakini mambo ya utawala wa nchi waliyaona kuwa si yao. Mussolini alikuwa madarakani tangu mwaka wa 1922. Alikuwa amekwisha kuvunja vyama vyote isipokuwa chake cha Kifashisti, na magazeti yalikuwa yakiandika yale tu aliyoyataka. Mgeni aliyeishi kwa fedha zake mwenyewe hakuona taabu katika hayo, kwa kuwa aliyefungwa mdomo alikuwa mwenyeji.

Mkubwa wa mabibi hao ni Bibi Hester Random, mjane wa balozi wa Uingereza. Sehemu yake imechezwa na Maggie Smith, naye alipata tuzo kubwa ya senema ya Uingereza kwa kazi hiyo. Pamoja naye yuko Mary Wallace, mwanamke mpole aliye karani wa mfanya biashara ya nguo. Tajiri huyo ana mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, jina lake Luca, ambaye mama yake amefariki na mke wa baba hamtaki. Basi karani yule anamchukua mtoto, anamlea, anamfundisha Kiingereza na michezo ya Shakespeare. Hapo Zeffirelli alikuwa akijisimulia mwenyewe, maana yeye naye alizaliwa nje ya ndoa, mama yake akafa angali mdogo, na aliyemfundisha Kiingereza alikuwa bibi wa Kiingereza hapo hapo Florence.

Baadaye vijana wa Kifashisti wanaingia mahali pa chai, wanavunja vioo na kupindua meza. Bibi Hester anakasirika. Haendi polisi wala mahakamani, bali anakwenda Roma kumwona Mussolini mwenyewe, kwa kuwa walikutana zamani mumewe alipokuwa balozi. Mtawala anampokea kwa heshima, anamkaribisha chai, na kumwahidi kwamba yeye na wenzake watalindwa. Bibi anarudi Florence mwenye furaha, na tangu siku hiyo kila mwenye hofu humjibu kwa habari za chai ile.

Hapa inafaa msomaji akumbuke mambo ya mwaka huo, ambayo senema inayapitia kwa haraka. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliingia Uhabeshi bila ya kutangaza vita. Ndege zake ziliangusha moshi wa sumu juu ya askari na raia, na sumu hiyo ikadhuru mifugo, malisho na maji ya mito. Addis Ababa ilitekwa mwezi wa Mei 1936, na mwezi uliofuata Mfalme Haile Selassie alisimama mbele ya Chama cha Mataifa mjini Geneva akayaeleza hayo yote. Mussolini alikuwa ametia sahihi mkataba wa mwaka wa 1925 uliokataza kutumia sumu vitani. Aliyeuvunja mkataba alioandikiana na mataifa angewezaje kuitunza ahadi aliyompa mjane mmoja mezani? Lakini Uhabeshi ulikuwa mbali na Florence. Kichwa kilichokuwa kikinyolewa kilikuwa cha mwingine, na mabibi hawakutia maji.

Wembe ulifika tarehe 10 Juni 1940, Mussolini alipotangaza vita juu ya Uingereza na Ufaransa. Luca alikuwa amepelekwa shule huko Austria, maana baba yake aliona kwamba sasa faida iko upande wa Wajerumani. Anarudi akiwa kijana, naye anafika wakati ule ule ambapo mabibi waliomlea wanakusanywa na askari na kupakiwa katika lori. Bibi Hester anamtaja Mussolini na chai yake, lakini askari wana amri yao, na chai haikuandikwa ndani yake. Wanapelekwa San Gimignano, mji mdogo juu ya kilima wenye minara mirefu ya kale, na kuwekwa mahali pabaya pasipo raha hata kidogo.

Baada ya muda wanahamishwa ghafula na kutiwa katika hoteli nzuri. Bibi Hester anashangilia na kusema kwamba Mussolini ni mtu wa neno lake. Kumbe si Mussolini. Aliyelipa gharama zote kwa siri ni Elsa, mwanamke tajiri wa Kimarekani na Myahudi, ambaye sehemu yake imechezwa na Cher. Bibi Hester alikuwa akimdharau Elsa kwa mavazi yake, maneno yake na waume zake wengi. Naye Elsa alikuwa akiyajua madharau hayo, akanyamaza na kulipa. Tena, kwa mkono wa Luca, alikuwa akipeleka fedha na hati za kusafiria kwa Wayahudi wa Italia, ambao tangu sheria za mwaka wa 1938 walikuwa wamefukuzwa katika shule na katika kazi za serikali.

Mwezi wa Disemba 1941 Marekani nayo iliingia vitani, na Elsa akafungwa pamoja na wale aliokuwa akiwatunza. Mtu aliyempenda anamwibia mali yake na kutaka kumtia mikononi mwa Wajerumani. Hapo ndipo Bibi Hester anapoambiwa ni nani aliyelipa hoteli. Hiyo ndiyo saa iliyo nzito kuliko zote katika senema. Bibi aliyezoea kusahihisha makosa ya kila mtu analazimika kulisahihisha kosa lake mwenyewe, akiwa mzee, mbele ya wenzake. Wote wanasaidiana, na Elsa anaokoka. Luca naye, aliyekuwa na wivu kwa sababu ya Elsa, anaushinda wivu wake na kuwafuata wapiganao na Mafashisti.

Mwisho wa hadithi, mwaka wa 1944, Wajerumani wanaorudi nyuma wanataka kuilipua minara ya San Gimignano, na mabibi wazee wanasimama mbele yao kuwazuia. Ndipo askari wa Kiskoti wanapofika, na Luca yu pamoja nao kama mkalimani, kazi ambayo Zeffirelli mwenyewe aliifanya. Pengine mwisho huo ni mtamu kuliko vita vilivyokuwa, maana mwezi wa Agosti 1944 madaraja ya Florence yalilipuliwa yote isipokuwa moja tu, Ponte Vecchio.

Msomaji wa Kenya ana haki ya kuitazama senema hii kama jambo lililomhusu. Mwezi mmoja tu baada ya mabibi wale kuingia vitani bila ya kupenda, majeshi ya Mussolini yaliitwaa Moyale. Askari wa K.A.R. walivuka mpaka mwaka wa 1941, wakapigana Somalia na Uhabeshi hata Mfalme akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei mwaka huo. Maelfu ya Waitalia waliotekwa waliletwa Kenya, na kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 chini ya mteremko, katika njia ya Naivasha, limebaki kando ya barabara. Hivyo wembe ulioanza Uhabeshi haukuchagua rangi wala cheo, bali ulizunguka mpaka kwa wale waliodhani kwamba ni wa wengine.

Basi yako mafunzo mawili. La kwanza, ulinzi utokao katika hisani ya mkubwa mmoja si ulinzi. Ukipewa kwa tabasamu utaondolewa kwa amri, na aliye na akili huutafuta katika sheria iliyo sawa kwa mwenyeji na kwa mgeni. La pili, mtu asiharakishe kumpima mwenziwe kwa mavazi na lafudhi. Bibi Hester alimshukuru aliyemfunga, akamdharau aliyemlisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wala si lazima awe yule mliyenywa naye chai.