KONA YA MWALIMU: Mafiga matatu ya kamera

 

Mwezi huu vijana wawili wanaopiga picha za harusi na ubatizo wameniuliza swali: "Mwalimu, tuko na kamera. Sasa tununue tripodi gani?" Tripodi ni ile stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Wenzetu waliosoma Kifaransa wanaiita trepie. Nimeona nijibu hapa ili na wazazi wasikie, kwa sababu pesa ya kununulia mara nyingi inatoka kwenye akiba ya nyumba nzima.

Kwanza niseme kosa langu. Kikundi chetu cha vijana tulikuwa watu nane. Tulichanga kila wiki mpaka tukanunua kamera ya mtumba. Ikabaki pesa kidogo, nikatumwa mimi mjini kutafuta tripodi. Nikachukua iliyo ndefu kuliko zote kwa bei ndogo kuliko zote, nikarudi najisifu. Harusi ya pili tu, wakati maharusi wanakata keki, mguu mmoja ukateleza ukaingia ndani. Kamera ikaanguka kwenye sakafu ya simenti, lenzi ikaharibika. Picha za keki hazikupatikana, na pesa ya ile familia tulirudisha yote. Mama wa bibi harusi hakutugombeza, alinyamaza tu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kutengeneza lenzi kulikula akiba ya miezi minne.

Ndugu zangu, tripodi ni kama mafiga ya jikoni. Meza ya miguu minne inacheza kama chini si sawa, lakini mafiga matatu yanakaa hata kwenye udongo wa mabonde. Ila figa moja likiwa bovu, chungu kinamwagika. Basi kabla hujatoa pesa, angalia mambo manne. Usione haya, fanya palepale dukani.

1. Miguu. Fungua miguu yote, kaza vibano vyake, halafu weka viganja viwili juu na ubonyeze kama mtu anayekanda unga. Mguu ukirudi ndani, iache hapo. Shika na kichwa ukizungushe kidogo. Kama miguu inajisokota, picha zako zitatoka na ukungu. Vibano vya plastiki nyembamba ndivyo vinavunjika kwanza. Tripodi za kaboni ni nyepesi sana lakini bei yake ni kubwa. Kwetu sisi aluminiamu inatosha.

2. Uzito inaobeba. Mara nyingi umeandikwa kwenye boksi. Pima kamera pamoja na lenzi yake kwenye mizani, hata ya muuza maharage. Ikiwa kilo 1, tafuta tripodi ya kubeba kilo 2 au zaidi. Usinunue ile inayotosha barabara, maana kuna upepo na kuna watoto wanaopita wakikimbia.

3. Kichwa na kisahani. Skrubu inayoingia chini ya kamera nyingi ni ya robo inchi. Nenda na kamera yako ujaribu. Kile kisahani kidogo kinachobaki chini ya kamera kikipotea, tripodi inakuwa fimbo tu. Ukinunua ya mtumba, uliza kisahani kwanza, bei baadaye.

4. Urefu ikikunjwa. Sisi wa Kampala tunapanda boda na taksi. Tripodi ya sentimita 45 hivi inalala kwenye begi au juu ya magoti. Ile ndefu ikitokeza pembeni ya boda inaweza kugonga mtu, au kukuangusha wewe.

Ukishanunua, itumie vizuri. Anza kuvuta sehemu nene za miguu, zile nyembamba ziwe za mwisho. Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi. Nguzo ya katikati usiipandishe kama hakuna lazima, kwa sababu hapo juu ndipo inapotikisika. Ukiwa nje penye upepo, ning'iniza katikati kidumu cha maji cha lita 3. Hizo ni kilo 3 za bure. Kisininginie juu sana kikabembea, karibu kiguse chini.

Kijana mmoja ameniuliza pia juu ya darubini ya jicho moja, anataka kujifunza kuongoza watalii wa ndege. Wazo ni zuri. Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na kinamasi cha Mabamba upande wa Entebbe kiliingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2006. Watu wanatoka mbali kuja kumwona domokiatu pale. Lakini darubini inahitaji tripodi imara kuliko kamera. Ikikuza ndege mara 40, mtikisiko nao unakuzwa mara 40. Chagua kichwa kinachogeuka taratibu kwa mpini mmoja. Na ndani ya mtumbwi tripodi haisaidii, mtumbwi unatikisika nayo. Pale tumia darubini ya macho mawili. Mazoezi unaweza kuanza hapahapa mjini na kaloli. Wanasimama juu ya miti muda mrefu bila kwenda popote.

Na kama pesa bado haijafika? Shona mfuko wa kitambaa, tia kilo 2 za maharage makavu, uweke juu ya ukuta au kiti, kamera ilale juu yake. Inatulia kuliko tripodi mbovu, na maharage mnaweza kuyapika baadaye.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi hapa Uganda. Kazi ya picha ni kazi, basi tuifanye kwa heshima: omba ruhusa kabla ya kusimamisha tripodi mbele ya watu.

Kikundi chetu kimeanza kuchanga tena. Safari hii tutaenda dukani watatu, na kamera mkononi, na kila mmoja atabonyeza. Wazazi, kijana wako akikuomba pesa ya tripodi, usimwulize bei peke yake. Mwulize: "Umeibonyeza?"

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea